Nilivyoacha kupima pembe nikaanza kuzitafuta

Nilipata nyuzi 38. Mwenzangu, kwa mchoro uleule na kipimapembe kilekile, akapata 35. Sote tulikosa. Chini ya mchoro kulikuwa na maneno ambayo siku zote niliyapita bila kuyasoma: mchoro haukuchorwa kwa vipimo halisi.

Swali lilikuwa hivi. Pembetatu ABC ina upande AB sawa na AC. Nukta D iko kwenye upande AC, na mistari AD, BD na BC ina urefu mmoja. Tafuta pembe A. Basi, hakuna pembe hata moja iliyotajwa! Mimi nilizoea kupewa pembe mbili, nazijumlisha, natoa kwenye 180, nimemaliza. Hapa sikuwa na cha kutoa, ndiyo maana nikakimbilia kipimapembe.

Nilirudi nyuma kabisa, kwenye hiyo 180, jumla ya pembe tatu za pembetatu, niliyokuwa naikariri tu. Nilikata pembetatu ya karatasi, nikachana kona zake tatu na kuzipanga ncha kwa ncha. Zikalala kwenye mstari mnyoofu. Inapendeza kuiona, lakini karatasi moja ni shahidi wa pembetatu moja tu. Kilichoniridhisha ni njia ya Euclid, Mgiriki aliyeandika yapata miaka 300 kabla ya Kristo. Refusha kitako cha pembetatu kutokea kona ya kulia, kisha kwenye kona hiyohiyo chora mstari sambamba na upande wa kushoto. Mstari huo unaigawa pembe ya nje, ile iliyo kati ya upande wa kulia na kitako kilichorefushwa, vipande viwili. Kipande cha juu ni sawa na pembe ya kileleni, kwa sababu zinafanya umbo la Z kati ya mistari sambamba. Kipande cha chini ni sawa na pembe ya kushoto, kwa sababu zimekaa mahali pamoja kwenye mistari hiyo miwili. Kwa hiyo pembe ya nje ni jumla ya zile pembe mbili za ndani zilizo mbali nayo. Ongeza pembe ya ndani iliyobaki kwenye kona ile, mstari mnyoofu umejaa: 180.

Nilichora hoja hiyo mara nyingi, kila mara kwa pembetatu ya umbo jingine, hadi nikaweza kuieleza bila kuangalia popote. Hesabu ya pembe ya nje, ambayo zamani niliiona kama kanuni ya ziada ya kunichosha, ndiyo iliyokuja kunifaa zaidi.

Shida yangu ya pili ilikuwa pembetatu zenye pande mbili sawa. Nilijua zina pembe mbili sawa, ila nilichagua zile zilizoonekana sawa kwa macho. Pembe zilizo sawa ni zile zinazotazamana na pande zilizo sawa. Nikaanza kutia kijistari kwenye kila upande ulio sawa, na kutoka hapo kuvuka hadi kwenye pembe inayoutazama. Na ukiambiwa pembe moja ni nyuzi 50, usikimbilie jibu: zinaweza kuwa 50, 50 na 80, au 50, 65 na 65. Ikiwa ni 100, jibu ni moja tu, maana 100 mbili zinapita 180.

Nikalirudia swali langu, safari hii nikiandika sababu pembeni ya kila hatua. Pembe A nikaiita x. AD na BD ni sawa, kwa hiyo pembe ABD nayo ni x. Pembe BDC iko nje ya pembetatu ABD, kwa hiyo ni 2x. BD na BC ni sawa, kwa hiyo pembe C ni 2x. AB na AC ni sawa, kwa hiyo pembe B nzima pia ni 2x. Sasa jumlisha pembetatu kubwa: x na 2x na 2x ni 5x. Hizo ni 180, na x ni 36.

Nikaangalia tena. Pembetatu kubwa ina 36, 72 na 72. Ile ndogo BCD, pembe yake ya B ni 72 kutoa 36, yaani 36, na mbili zilizobaki ni 72 kila moja. Ni umbo lilelile, limepungua tu! Nikaigawa pembe C katikati kwa mstari hadi BD, ikatokea nyingine ndogo zaidi yenye 36, 72 na 72. Nikagawa tena, na tena, hadi ncha ya penseli ikawa nene kuliko pembetatu yenyewe.