Kutoka Kimara hadi Kitulo kwa pikipiki ya cc 150

Swali la kwanza ambalo watu huniuliza kuhusu safari yangu ya Februari ni kwa nini sikupanda basi. Nami hujibu kwamba basi lingenifikisha Mbeya siku hiyo hiyo, na hilo ndilo nililokuwa nalikimbia. Nilitaka kuhisi mwilini jinsi nchi inavyopanda kutoka joto la Pwani hadi baridi ya Hifadhi ya Kitulo, zaidi ya mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, na nilitaka kufanya hivyo peke yangu, bila mtu wa kunihimiza wala wa kunichelewesha.

Pikipiki yangu ni ya aina ile ile inayobeba abiria kila kona ya Dar es Salaam, na faida yake kubwa ni kwamba popote itakapoharibika hakosekani kijana anayeijua kuliko mimi. Nilifunga nyuma tyubu mbili, waya wa klachi, plagi moja ya akiba, spana, pampu ya mkono, koti la mvua, pamoja na sweta zito ambalo mke wangu aliniwekea licha ya kulibishia kwa siku mbili. Niliondoka Kimara saa kumi na moja alfajiri ili niipite Chalinze kabla malori hayajachangamka, na milima ya Uluguru ilipojitokeza upande wa kushoto, ikiwa imejifunika mawingu kama kawaida yake, nilikuwa tayari nimekunywa chai mara mbili.

Hifadhi zetu za taifa haziruhusu watalii kuzungukazunguka ndani kwa pikipiki, na kwa maoni yangu ni sawa kabisa. Mikumi, hata hivyo, inakatwa na barabara kuu ya TANZAM, ile inayotuunganisha na Zambia, kwa takriban kilomita 50, na barabara hiyo ni ya kila mtu. Mwendo wa juu ni kilomita 70 kwa saa mchana na 50 usiku, na mabango ya pembeni yanamwonyesha dereva picha za wanyama pamoja na faini atakayotozwa akimgonga mmoja wao. Nilikuwa nimepita hapo mara nyingi nikiwa ndani ya basi, nikiwaangalia swala kupitia kioo kama mtu anayeangalia televisheni. Juu ya pikipiki hakuna kioo. Harufu ya kinyesi cha tembo inakufikia kabla hujamwona mwenyewe, twiga anapoinua shingo unajiona mdogo kweli kweli, na nyani waliokaa ukingoni mwa lami wanakukagua mzigo kwa macho ya mtu wa forodha.

Katikati ya hifadhi niliona lori limesimama likiwa limewasha taa za tahadhari, nami nikapunguza mwendo. Mbele yake, kama mita mia moja hivi, tembo watatu na mtoto wao walikuwa wakijiandaa kuvuka kutoka upande wa uwanda wa Mkata. Dereva alitoa kichwa dirishani akaniambia kwa sauti ya chini, "Kaka, usikae huko mbele. Njoo huku ubavuni, na hiyo injini usiizime." Nikajibanza kati ya tairi zake na ukingo wa barabara, mkono kwenye klachi, nikisikia moyo wangu ukishindana na sailensa. Tembo mkubwa alisimama juu ya mstari mweupe, akageuza masikio kuelekea kwetu kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu kupita kiasi, kisha akasogea akawapisha wenzake. Dereva hakusema neno tena. Alipiga honi moja fupi ya kuniaga akaondoka.

Baada ya kulala mji wa Mikumi, siku ya pili ilikuwa ya joto kuliko zote, kwa sababu barabara inashuka kwenye bonde la mibuyu kuelekea Ruaha Mbuyuni, ambako vitunguu vimepangwa kwa vifungu pembeni mwa barabara na upepo wenyewe unanukia kachumbari. Kisha ukaja mlima Kitonga. Malori yanayokwenda na kutoka Zambia na Kongo hupita hapo yakiwa yamebanana kwenye kona, yanayopanda yakiunguruma kwa gia ya kwanza, yanayoshuka yakiacha harufu ya breki zilizoungua, na unapoona matawi mabichi yametandazwa barabarani ujue mbele kuna gari limekufa. Mwenye pikipiki hapo hujaribiwa kupenya, na walio wengi hupenya. Mimi nilikaa nyuma ya lori la saruji mpaka juu, nikala moshi wake wote. Nilipofika Ilula kwenye matenga ya nyanya nilikuwa mweusi usoni kama muuza mkaa.

Iringa hadi Makambako sina mengi ya kueleza isipokuwa misonobari na baridi. Baada ya Mafinga nilisimama nikavaa lile sweta, na nikampigia mke wangu simu kumwambia, jambo ambalo sasa najuta.

Chimala ndipo safari ilipoanza upya. Kutoka hapo njia inaiacha lami na kupanda ukuta wa mlima kwenda Matamba kwa kona zilizokunjana, ambazo wenyeji husema ni 57. Mimi nilihesabu hadi thelathini na kitu nikaacha, kwa sababu mvua ya usiku ilikuwa imegeuza udongo kuwa sabuni. Pikipiki nayo ilianza kukohoa. Nilibadilisha plagi, ikaenda kona chache, ikakohoa tena, na hatimaye ikazima kabisa huku bonde la Usangu likiwa limetandazwa chini yangu kama mkeka.

Alinikuta kijana wa bodaboda aliyebeba magunia mawili ya viazi. "Shikamoo, mzee," akasema. Nina miaka 41, lakini niliitikia marahaba bila ubishi. Alifungua plagi, akanionyesha masizi meusi yaliyoijaa, akaisugua kwa kipande cha msasa alichokitoa mfukoni, kisha akainama kwenye kabureta akalegeza skrubu ya hewa nusu duru. Alinieleza kwamba huku juu hewa ni nyepesi, hivyo kabureta iliyopimwa Dar es Salaam inaipa injini petroli nyingi kuliko hewa iliyopo ya kuiunguza. Pikipiki iliwaka kwa teke la pili. Fedha alizikataa, ila soda alisema ataipokea nikimkuta Matamba. "Ukishuka Chimala," akaongeza, "rudisha nusu duru hiyo hiyo, mzee, usije ukaiunguza."

Matamba niliiacha pikipiki kwenye ofisi ya hifadhi, nikaingia Kitulo kwa miguu pamoja na mwongozaji. Hifadhi hiyo ilitangazwa mwaka 2005 kwa ajili ya maua, wakati hifadhi zetu nyingine nyingi zinajulikana kwa wanyama, na wenyeji waliiita Bustani ya Mungu tangu zamani. Februari uwanda wote ni nyasi fupi zilizotiwa rangi za njano, zambarau na nyeupe, na ukungu unapita juu yake kwa kasi ya mtu anayekimbia. Mwongozaji alichuchumaa akanionyesha okidi isiyozidi urefu wa kiganja. Mizizi ya okidi za namna hiyo, alisema, ilichimbwa kwa miaka mingi na kuvushwa Zambia, ambako hupikwa chakula kinachoitwa chikanda. Nilipomuuliza kama bado inachimbwa, alitazama kwanza upande wa mlima, kisha akasema doria zipo.

Kesho yake, baada ya kulipa deni la soda, niliteremka zile kona kwa gia ya pili bila kugusa sana breki. Chini Chimala joto lilinipokea, nikavua sweta, nikaegesha chini ya mwembe, nikatoa bisibisi na kuikaza skrubu nusu duru. Injini ilitulia ikanguruma kama ilivyokuwa ikinguruma Kimara. Nilijaza tangi, nikafunga mzigo upya, nikaelekeza taa upande wa Makambako; kufika Kimara zilikuwa zimebaki zaidi ya kilomita 700.