Kungwi aliniambia mashoga waishie getini, mimi nikawaingiza mpaka jikoni

Ushauri mbovu kuliko wote niliowahi kupewa maishani nilipewa kwa kipaza sauti, siku ya kicheni pati yangu, na mtu tuliyemlipa laki na kitu aje kunishauri. Eti mwanamke akishaolewa mashoga, yaani marafiki zake wa kike, wanaishia getini, ndani ni wewe na mumeo na Mungu wako, atakayevuka hapo amekuja kuvunja nyumba. Ukumbi mzima vigelegele. Na mashoga zangu wenyewe wamekaa meza ya mbele na sare zao za kijani wanapiga makofi, nikawaangalia nikasema moyoni hawa wameelewa wanachoshangilia kweli?

Naandika hii kwa sababu juzi nimeusikia tena, binti wa jirani anaolewa anaambiwa vile vile neno kwa neno, nikachoka.

Marafiki zangu mimi ni wa bweni. Shule ya wasichana Morogoro, tumemaliza fomu foo 2004, tuko watano pamoja na mimi. Tumegawana ndoo moja ya maji kipindi mabomba yamekauka huku milima ya Uluguru iko pale pale inatutazama na mawingu yake, tumekula maharage ambayo ukiyaangalia sana huli. Sasa hivi mmoja ni nesi anakaa Mbagala, mmoja fundi cherehani Kigamboni, mmoja ana mapacha yuko Kimara, mmoja mwalimu amebaki huko huko Moro, na mimi niko Tabata nauza vitenge na mashuka, nyumba imejaa mizigo mpaka chini ya kitanda.

Miaka ya mwanzo ya ndoa kwa kweli kungwi alitaka kushinda. Sio kwamba tuligombana, hapana, maisha tu. Huyu kajifungua, huyu kahama, huyu mumewe hapendi simu za usiku, unajikuta unawaona kwenye misiba na harusi, tena mmepangwa mistari kwenye viti vya plastiki mnasalimiana kwa macho. Tukafungua grupu la WhatsApp. Wiki ya kwanza ilikuwa raha, picha za shule, kucheka mpaka machozi, ya pili ikapoa, baada ya hapo likawa la maua. Ijumaa Kareem na ua, Jumapili njema na ua, siku ya kuzaliwa ya mtu kila mmoja anakopi ya mwenzake anabandika. Nesi aliwahi kulazwa wiki nzima na grupu lipo na maua yanaingia kila asubuhi hakuna aliyejua! Nilivyokuja kusikia kwa mtu baki nilisema hapana, hili halifai.

Ndo nikapendekeza mchezo, ule wa kila mwezi kutoa hela na mmoja wetu anapokea zote kwa zamu. Sitaelezea zaidi, kila mtu humu kashacheza au karushwa. Tulianza na elfu hamsini hamsini, siku hizi ni laki. Lakini jamani sikuwa na shida ya hela kiasi hicho, nilikuwa nataka watu waje. Kwa hiyo nikaweka sharti moja, na kwenye hili najisifu bila aibu maana ndo limetushikilia mpaka leo: hela haitumwi kwa simu. Unakuja nayo mkononi, mpaka nyumbani kwa anayepokea, unakaa, unakula, unampa. Kijumbe, yaani msimamizi wa mchezo, ni mimi, daftari la kaunta ninalo mimi, na jina lako silipigi tiki kama sijakuona kwa macho.

Walilalamika! Fundi mwezi wa pili tu akajifanya mjanja, kaona foleni ya pantoni, kaona jua, akanitumia kwa M-Pesa na ya kutolea akaweka, na ujumbe "besti nimebanwa na gauni za harusi, mpelekee mwenzio". Nikairudisha ile ile na ya kutolea yake. Akatuma tena. Nikarudisha tena. Tulirushiana ile hela mpaka makato yameshakula kama nauli ya kwenda Kigamboni na kurudi, mwisho akapiga simu ananitukana matusi yote ya bweni, nikamwambia matusi mazuri sana, njoo uyamalizie huku pilau linapoa. Akaja saa kumi na moja jioni na sindano bado zimechomekwa kifuani kwenye blauzi, akaondoka saa nne usiku na mumewe ndo anampigia kuuliza kama amepotea. Tangu hapo hajatuma kwa simu tena.

Mgonjwa na mzazi wanasamehewa kuja, ila hapo sisi ndo tunahamia kwake. Mama mapacha alivyojifungua zamu haikuwa yake lakini kikao kilikuwa chumbani kwake, tumekaa chini kwenye mkeka tunakunja nepi huku tunahesabu hela.

Sasa nikuambie kuhusu katiba. Kuna mama mmoja mtaani kwetu ni mtu wa vikoba, vile vikundi vya kuweka na kukopa, ana vitatu vinne, anajua mambo. Akaniambia nyie mnacheza, kikundi bila katiba ni genge la umbea, mkijakudhulumiana mtakuja kunililia. Akanipa ya kwao niige. Basi nikakaa usiku na kalamu nikaandika katiba mimi, kurasa kama kumi na kitu, nikapeleka steshenari ikachapwa na jalada la plastiki juu, we! Mwenyekiti, katibu, mhazini, yaani watu watano na uongozi wa watu watatu, wanachama wa kawaida wawili. Faini ya kuchelewa elfu mbili. Faini ya simu kuita kikaoni elfu moja. Faini ya kuongea bila kunyoosha mkono. Kulikuwa mpaka na kifungu cha "lugha isiyo na staha", kwa watu ambao tumeoga pamoja miaka minne.

Siku ya kwanza ya katiba nesi akatoka zamu ya usiku, hajalala, kapitia sokoni kabisa akanunua ndizi mbivu za kuja kula na watoto, akafika kachelewa nusu saa. Na mwenyekiti, mama mapacha huyo, akafungua ukurasa akamsomea kifungu. Alisoma vizuri kama yuko bungeni. Nesi akamsikiliza mpaka mwisho, akafungua pindo la khanga akatoa noti, akaweka elfu mbili mezani, juu yake akaweka laki ya mchezo, ndizi akaziacha mlangoni, akaenda. Chai hakugusa. Mwezi uliofuata akaja kwa wakati, kalipa, kakaa kimya na mkono kaunyoosha kila akitaka maji ya kunywa. Mkono juu, "naomba kuongea mwenyekiti, naomba maji." Wote tunajua anatukomoa, na hakuna wa kucheka.

Fundi ndo alimaliza. Zamu ilikuwa kwake, tumefika tunakuta katiba haipo mezani, iko kwenye meza ya mkasi, kakatia kola. Kurasa zote kachora mifano ya kola za gauni za watoto na mikono ya puto, kazikata, "Kifungu cha 7 Faini" kimekuwa kola ya mviringo kimebanwa na pini kwenye kitambaa cha maua. Akasema karatasi yake ngumu nzuri sana, leteni na nyingine. Nesi ndo alicheka wa kwanza, akacheka mpaka kakaa chini, na sisi nyuma. Yule mama wa vikoba mpaka leo akiniuliza katiba inaendeleaje namwambia inavaliwa.

Kanuni tulizobakiza hazijaandikwa popote. Moja ni ya chakula, maana ilifika mahali zamu zikageuka mashindano, huyu kapika biriani, mwenzie naye aongeze kuku wa kienyeji, wa tatu kakodi vyombo, unapokea laki nne umeshatumia laki na nusu jikoni, huo ni mchezo au hasara? Tukakubaliana unapika kile ambacho siku hiyo ungepika hata tusingekuja. Mwezi uliofuata mwalimu akatupikia ugali wa dona, matembele na dagaa wa kukaanga na limao na pilipili, sijawahi kula nikashiba vile. Ukitaka kujua kama mtu ni rafiki yako mpikie dagaa uone kama atarudi.

Nyingine ni kukopeshana. Hatukopeshani nje ya mchezo, hata elfu kumi. Ukiwa na shida unasema mbele ya wote, tunakupisha zamu. Na hapa ndo kwenye habari ya mume wangu.

Baba watoto mwanzoni hakuwa anapenda, simlaumu, ni kama alikuwepo ukumbini siku ile, nadhani dada zake walimpa taarifa, maana wifi yangu mkubwa ndo alikuwa anapiga vigelegele kuliko wote. Jumamosi ya mchezo akisikia geti anachukua funguo anatoka. Nilichofanya sikubishana naye, nilikuwa namwambia kila kitu cha hela, nimetoa kiasi gani, zamu yangu lini, daftari liko juu ya kabati akitaka aangalie. Shoga ambaye mumeo hajui mnafanya nini naye ndo huyo wanamwita mvunja nyumba. Halafu mambo yake ya chumbani sipeleki kikaoni, nasema kwa msisitizo kwa sababu hapo ndo wengi wanaharibu, unaenda kumwaga ya mumeo kwa watu wanne halafu unataka awafungulie geti awasalimie vizuri, kwa uso gani?

Basi mwaka mmoja mwezi wa kumi na mbili kazini kwake wakapunguza watu, naye akapunguzwa. Krismasi tumekula kwa kujikaza. Januari hiyo inakuja na watoto wawili wako inglishi midiamu, ada, sare, madaftari, basi la shule. Ndugu zake aliwapigia. Kila mmoja naye ana Januari yake. Mimi nikasema kikaoni, sikulia, nilisema tu huku nakuna nazi. Zamu ya Januari ilikuwa ya fundi, ya Februari ya mama mapacha. Fundi akasema andika jina lako. Mama mapacha akasema na yangu andika. Hawakutazamana hata. Laki nne, na mwezi wa pili laki nne nyingine, ada ya muhula ikaingia na nikaongezea mtaji wa vitenge, zamu zangu zilivyofika nikawarudishia. Jioni ile nilimwekea baba watoto hela mezani nikamwambia imetoka wapi. Alikaa muda mrefu anazipanga noti zielekee upande mmoja. Siku hizi yeye ndo anauliza "watu wako wanakuja lini" na ndo anaenda kuchukua soda, na wanamwita shemeji wanamtania mpaka anakimbilia nje, ila nje ya dirisha, anasikia yote.

Watoto wote wanawaita mama mkubwa na mama mdogo, hatukuwafundisha, wamesikilizia tu. Binti yangu alivyovunja ungo alimpigia nesi kwanza. Sio mimi niliyekuwa chumba cha pili nahesabu mashuka! Nesi akamtuliza, akamwelekeza, halafu ndo akanipigia akasema nenda kwa mwanao, usimkalipie, na usijifanye unalia. Niliumia kidogo, nisidanganye, lakini nikajiuliza mimi wakati wangu nilimwambia nani, nikakumbuka ni yeye huyo huyo, kitanda cha juu.

Msiba nenda. Harusi ukichanga ukabaki nyumbani utasamehewa, msiba nenda hata kama huna cha kuchanga, wakati wa kumenya vitunguu hakuna anayeulizwa risiti.

Aliyekuwa anatupa tabu ni mwalimu. Basi la Moro hapo zamani unaondoka na giza, foleni ya Kibaha, Mlandizi, Chalinze, unafika umekunjika na watoto wametapika, kwa hiyo zamu yake tulikuwa tunamsogezea sogezea mpaka likizo na akawa anaona kama tunambagua. Treni ya umeme ilivyoanza 2024 ndo tukapumua, elfu kumi na tatu daraja la kawaida, watoto nusu, chini ya saa mbili uko stesheni ya Kihonda, Moro. Ila kata tiketi mapema, ukisubiri wikiendi za sikukuu utaambiwa zimeisha, na kitambulisho usikisahau ndani ya pochi nyingine kama mama mapacha.

Mwezi huu zamu ni ya mwalimu. Baba watoto kasikia, tangu juzi ananizunguka, eti hajawahi kupanda treni, eti mizigo nani atabeba. Nimepeleka ombi kwa wenzangu. Fundi kasema mwanaume akija naye atoe mkono wa laki kama sisi, nesi kasema aje ila ataosha vyombo, mwalimu kasema kwake nyumba ndogo atalala na kuku. Nimemfikishia yote matatu. Kaniuliza bei ya tiketi nimemwambia, na nimemwambia ya kwake akate mwenyewe.