Tiketi ya Moshi

Juzi mpwa wangu kaniuliza, macho yake yote kwenye simu: "Mjomba, hii kitu inajuaje kwamba bado ni mimi?" Nikamjibu kwa kifupi, akaridhika upesi kuliko nilivyotaka, akaendelea na yake. Mimi nikabaki na swali lake, maana lilinirudisha Ubungo, Agosti 2020, kabla stendi haijahamia Mbezi, nimekaa kwenye kiti cha plastiki pembeni ya mama mmoja mwalimu mstaafu anayetafuta miwani kwenye mkoba.

Wakati huo tulikuwa tunaendesha mfumo wa kukata tiketi za mabasi mtandaoni. Uliandikwa kwa lugha ya PHP, na malipo ya kadi yanapitia ukurasa wa benki kisha mteja anarudishwa kwetu. Malalamiko yalianza kidogo kidogo Julai: mtu kalipa, pesa imekatwa, akirudi anakuta "Tafadhali ingia kwanza". Tiketi hakuna. Na si wote, wengine walilipa wakaondoka zao bila neno. Huduma kwa wateja walikuwa na dawa moja tu, futa vidakuzi (vile vikumbusho tovuti inavyoviacha kwenye kivinjari) uanze upya, na ubaya wa dawa hiyo ni kwamba kuna siku ilifanya kazi. Tukijaribu wenyewe ofisini, shwari. Tukapekua mafaili ya sesheni, kumbukumbu za nani ameingia, kwenye seva, tukaongeza zile sekunde 1440 za kuitunza sesheni ambazo PHP huja nazo, tukaishuku hadi diski. Wapi!

Ndipo mama akaja dirishani na laptopu yake mwenyewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Huu mtandao wenu unanifukuza."

Nikamwomba afanye kama anavyofanya nyumbani, mimi nisiguse kitu. Akafungua kidaftari chenye jalada la maua, akasoma nenosiri herufi moja moja, akaingia. Safari ya Moshi. Kwenye ramani ya siti akasimama. Hii ya dirishani asubuhi itakuwa upande wa jua au wa kivuli? Nikasema kivuli. Akanitazama kama anavyotazamwa mwanafunzi aliyekisia, akahesabu kwa kidole basi linatoka likielekea wapi, akachagua ya upande wa pili. Akaandika jina lake, akalifuta, akaliandika tena lilingane na la kitambulisho. Kadi. Ukurasa wa benki. Meseji ya namba za siri ikachelewa, na ilipoingia simu ilikuwa chini ya kidaftari. Akazitamka kwa sauti, tarakimu baada ya tarakimu, akabonyeza.

"Tafadhali ingia kwanza."

"Umeona?" akasema, wala hakukasirika. Alikuwa amepata shahidi.

Nilikuwa nimefungua ile sehemu ya kivinjari chake, Chrome, inayoonyesha kila ombi linalotoka na kuingia. Seva haimkumbuki mtu kwa sura. Ukiingia inakupa namba, kivinjari kinaitunza kwenye kidakuzi na kuionyesha kila unapoomba ukurasa, kama kile kikaratasi cha mzigo anachokupa kondakta: begi ni lako, lakini bila kikaratasi utabishana sana. Sasa ombi la POST, lile linalobeba taarifa kama fomu iliyojazwa, lililotoka benki kuja kwetu lilikuwa limefika mikono mitupu, halina kidakuzi hata kimoja. Na mstari wa majibu chini yake ulikuwa mbaya zaidi: seva, kwa kuona mgeni asiye na namba, ikamfungulia sesheni mpya, tupu, na namba mpya ikakaa juu ya ile ya zamani. Hapo ndipo mama alipofukuzwa.

Yaliyobaki niliyapata usiku kwa kusoma. Chrome ilikuwa imebadilisha sheria: kidakuzi kisichotaja SameSite, yaani kisichosema kama kinaweza kusafiri na ombi linalotoka tovuti nyingine, kinahesabiwa kuwa Lax, cha ulegevu wa kiasi: hakisafiri na POST inayotoka tovuti nyingine. Walianza Februari, wakasitisha Aprili kwa sababu ya korona, wakarudia Julai, tena kwa awamu, leo kivinjari cha huyu, kesho cha yule. Kilichonikalisha kitako ni msamaha waliouacha humo. Kidakuzi cha namna hiyo chenye umri usiozidi dakika mbili kilikuwa kinaruhusiwa kupita.

Dakika mbili! Sisi tulikuwa tunaingia, siti ya kwanza inayoonekana, kadi ya majaribio, kwisha. Tungejaribu mwaka mzima tusione kitu. Asubuhi nikaingia kwenye mfumo, nikaenda kuchemsha chai, nikarudi kulipa. Nikafukuzwa na mimi.

Marekebisho hayakuwa na hadithi. Kuandika SameSite=None (kisafiri popote) pamoja na Secure (kwa njia iliyosimbwa tu) kwa njia ya kawaida kulitaka PHP toleo la 7.3, nasi tulikuwa nyuma ya hapo. Halafu iPhone zenye iOS 12 huielewa None kinyume kabisa, zinakibana kidakuzi kuliko mwanzo. Tukaamua kuweka ukurasa mdogo wa kumpokea mteja kutoka benki, usiofungua sesheni yoyote, unaochukua majibu na kumwelekeza mbele kwa GET, ombi la kufungua ukurasa tu, na hapo kidakuzi cha Lax kinakubali kusafiri.

Bosi aliandika kwenye ripoti kwamba tatizo lilikuwa la kivinjari. Sikubishana, ingawa hadi leo sina hakika. Waliotunga msamaha wa dakika mbili walikuwa wakiwasaidia watu kama sisi mifumo isivunjike, na ni huohuo ulioficha kwamba imevunjika. Ila dakika hizo zilipimwa kwa mwendo wa nani, hilo sijapata wa kumuuliza.

Mama siku ile alikata tiketi dirishani kwa fedha taslimu, na ile ya kwenye kadi wahasibu wakabaki nayo kuirudisha. Mfumo ulipotengemaa nilimpigia kumwambia sasa anaweza kulipa akiwa nyumbani, achukue muda wake. Akacheka, akasema siti ya kurudia Dar atamtuma mjukuu aje kukata hapohapo stendi.