Dirisha moja linatosha

Leo nimempiga picha dada mmoja anayeogopa kamera, na zimetoka vizuri mno! Alisimama kando ya dirisha, nikazima taa zote za chumbani ili mwanga wao usichanganyike na wa dirisha, rangi ya ngozi isivurugike. Uzito kwenye mguu wa nyuma, bega moja mbele, kidevu kisogee mbele kidogo kisha kishuke. Hapo taya linajichora lenyewe. Fokasi niliiweka kwenye jicho lililo karibu na kamera. Kwa f/2.8, yaani tundu la lenzi likiwa wazi sana, sehemu inayotoka kali ni nyembamba; fokasi ikiteleza kidogo tu pua ndiyo inayotoka kali, jicho linafifia. Shata, yaani muda wa kamera kupokea mwanga, niliiweka 1/250 ya sekunde, maana hata aliyetulia anapumua. Mikono ndiyo huwa kazi kubwa, jamani. Nilimpa mtandio wake aushike, vidole vikalegea.