Nzuri, ila…

Ijumaa, saa tatu usiku.

Miaka miwili nimekuwa nikiikimbia chai ya saa nne. Wenzangu wakijazana jikoni pale ofisini, Posta, mimi namimina yangu, nachukua andazi, narudi mezani haraka kama mtu mwenye kazi nyingi. Sina kazi nyingi kihivyo. Naogopa tu ile dakika baada ya salamu, watu mmeshika vikombe na maneno yamewaishia.

Maana salamu zenyewe nazimudu. Nani alelewe na bibi Tanga ashindwe salamu? Za asubuhi, za nyumbani, za watoto, za tangu jana. Jibu ni moja tu, nzuri. Hata kama umekesha na homa, nzuri. Hiyo "hujambo" yenyewe, ukiichambua, unaulizwa kama una jambo, na adabu inakutaka ukane.

Mwezi uliopita nikajaribu njia ya mkato: mpira. Jumatatu baada ya dabi ya Kariakoo nilisoma matokeo kwenye simu nikiwa nimebanwa ndani ya Mwendokasi, Kimara hadi Posta ya Zamani, nikaingia jikoni kifua mbele: "Jamani, si tumewanyoosha!" Nikajitangaza Yanga, huku nimevaa shati jekundu, rangi ya Simba. Dereva wetu akalitazama shati, akanitazama mimi, akauliza bao kafunga nani. Kimya. Tangu siku hiyo naitwa Shabiki wa Kukodi, na jina hilo limenisaidia kuliko mpira wenyewe. Sasa nauliza bila aibu: hivi kuotea ni nini hasa? Wananieleza watu wanne kwa mpigo, kisha wanaanza kubishana wao kwa wao, nami nakunywa chai yangu kwa raha.

Lakini aliyenifumbua macho ni mzee wa stoo. Nilianza kusikiliza anavyosalimiana na watu. "Shikamoo mzee." "Marahaba, mwanangu. Za nyumbani?" "Nzuri." Hapo hasemi kitu, anakoroga chai tu. Na mara nyingi mtu, akishakaa kidogo, anaongeza mwenyewe: "…ila mtoto hakulala." "…ila maji leo siku ya tatu hayatoki." Porojo zote za pale jikoni zinaanzia kwenye hiyo "ila". Mimi nilikuwa naishia kwenye "nzuri" na kugeuza njia.

Jumatano nikajitosa. "Nzuri mzee, ila paa linavuja, tena juu ya kitanda." Akanihoji kama polisi. Bati la geji 28 au 30? Limepigiliwa lini? Mwenye nyumba anasemaje? Nusu ya maswali sikuwa na majibu yake. Mama wa chai akadakia na habari za paa la kwao, dereva naye ana shemeji fundi, ila huyo shemeji, mzee akasema, tusimtaje kabisa. Nilirudi mezani saa tano kasoro, andazi bado liko mkononi.

Dada wa mapokezi bado sijamweza. Anajibu "poa" macho yakiwa kwenye simu, nami namwacha na simu yake.

Leo jioni mzee kaniletea namba ya fundi, kaiandika nyuma ya kikaratasi. Nimekigeuza. Ni risiti ya mafuta ya jenereta, ile ninayomdai tangu mwanzo wa mwezi.