Apolo Alikubali Kuchukuliwa Pembeni

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Somo letu wiki hii ni Matendo ya Mitume 18:24–28. Lisomeni kwanza kabla ya maneno yangu. Ni aya tano tu.

Mimi ni muuguzi mkunga katika kituo cha afya, na huu ni mwaka wa 23 tangu niajiriwe. Nilianza wakati kila kitu ni karatasi. Vitabu vya MTUHA, vile vya kumbukumbu za huduma za afya, navijua hata nikifumba macho: namba 6 cha wajawazito, namba 7 cha watoto, namba 12 cha wanaojifungua, namba 13 cha mama baada ya kujifungua. Kupimwa utendaji nako kulikuwa karatasi. Tulijaza fomu za OPRAS, za kupima utendaji wa mtumishi, mkuu anasaini, fomu inaingia kwenye faili inasubiri msimu wa kupandishwa madaraja. Kisha tukaambiwa fomu basi, sasa ni PEPMIS, mfumo wa mtandaoni wa kupima utendaji. Kila mtumishi aingie mtandaoni kwa cheki namba yake, yaani namba yake ya utumishi, na nywila yake, aweke majukumu ya mwaka, ayagawe katika kazi ndogondogo, ayatume kwa msimamizi ayapitishe, halafu awe anajaza alichotekeleza. Tena ajaze mwenyewe.

Siku ya mafunzo tulijaa ukumbini, projekta ukutani, mwezeshaji anakwenda mbio. Kila baada ya hatua anauliza, "Tuko pamoja?" Na sisi kwa sauti moja, "Tuko pamoja!" Mimi nilikuwa nimeachwa tangu hatua ya pili. Lakini kushoto na kulia kwangu walikaa wauguzi niliowapokea wakiwa wanafunzi wa mazoezi, niliowashika mikono kuwaonyesha jinsi ya kupima kimo cha tumbo la mjamzito. Leo ninyooshe kidole mbele yao niseme sielewi jukumu na kazi ndogo vinatofautiana wapi? Nikaitikia na wenzangu.

Basi nikafanya kama nilivyosikia wengine wanafanya. Karibu na stendi kuna duka la steshenari, na humo yumo kijana anayewajazia watumishi kwa malipo. Nikampa cheki namba na nywila, nimeziandika kwenye kipande cha karatasi. Baada ya miezi mitatu nikarudi tena. Sikuwahi hata siku moja kusoma alichojaza.

Mganga mfawidhi, mkuu wa kituo chetu, akaniita ofisini, akanigeuzia kompyuta. Kwenye mfumo nilikuwa nimezalisha akina mama wengi kuliko waliomo katika kitabu namba 12 kwa miezi hiyo. Kulikuwa pia na elimu ya lishe niliyotoa vijijini, katika wiki ambayo mimi nilikuwa likizo nyumbani. Hakunifokea. Aliniuliza tu, "Sista, hii umejaza wewe?" Nikisema ndiyo, nimedanganya mara ya pili. Nikisema hapana, nimekiri kwamba jina langu la kazi nimelikabidhi kwa mtu baki. Nilisema hapana. Nikarudi wodini, nikakifungua kitabu namba 12, nikakaa nacho. Miaka 23 sijawahi kuandika humo mtoto ambaye hakuzaliwa.

Nimetubu kwa uongo ule, na Bwana ni mwaminifu kusamehe. Lakini nilipokaa na habari hii ya Apolo, Roho alinirudisha nyuma zaidi. Uongo haukuanzia steshenari. Ulianzia ukumbini, nilipoitikia "tuko pamoja".

Mtazameni Apolo. Luka anamsifu kwanza: mtu wa elimu, hodari katika Maandiko, roho yake inawaka, anafundisha habari za Yesu kwa usahihi. Na alitoka Iskanderia, mji ambao karne ya 3 kabla ya Kristo torati ilianza kutafsiriwa kutoka Kiebrania kwenda Kiyunani. Mtu wa huko akisimama kufungua Maandiko katika sinagogi la Efeso, watu wanatulia. Ila alijua ubatizo wa Yohana tu. Nadhani hapa ndipo penye ugumu wa hadithi yake. Mtu asiyejua lolote anafundishika upesi, maana hana cha kulinda. Apolo alijua mengi, na alijua vizuri. Lile moja asilolijua lilikuwa limejificha nyuma ya yale mengi, na kila aliyemsifu alizidi kulifunika.

Walioliona ni Akila na Prisila, mafundi wa mahema, mtu na mkewe waliohamia Korintho baada ya Klaudio kuamuru Wayahudi waondoke Rumi, kisha wakafika Efeso pamoja na Paulo. Kwa kipimo cha elimu, wangeweza kukaa miguuni pa Apolo. Wakamchukua kwao, wakamweleza. Hawakusimama sinagogini kumsahihisha mbele ya waliokuwa wakimsikiliza, wala hawakwenda kumsema kwa wengine. Na Apolo akaenda. Luka hakuandika alijibu nini. Ameandika tu kwamba baadaye alivuka kwenda Akaya, jimbo lenye mji wa Korintho, akawafaa sana waliokwisha kuamini. Ndipo Paulo akaweza kuwaandikia Wakorintho: "Mimi nilipanda, Apolo akatia maji, bali mwenye kukuza ni Mungu." Nimejiuliza sana wiki hii, yale maji yangetoka wapi kama Apolo angekataa kuingia nyumba ya mafundi wa mahema.

Mimi naye Bwana aliniletea Prisila. Kituoni kwetu kuna binti muuguzi anayejitolea. Amemaliza chuo, ana leseni, anasubiri ajira. Hana cheki namba, kwa hiyo mfumo wenyewe hauwezi kumfungulia. Aliujua kwa kumsaidia dada yake ambaye ni mwalimu. Jioni ile aliniona nimekaa na kitabu namba 12 na macho mekundu. Hakuniuliza kitu mbele ya watu. Alisubiri zamu iishe, akanifuata chumba cha dawa, akarudisha mlango.

"Shikamoo mama. Naomba nikuonyeshe taratibu."

Kitu nilichokishika zaidi ni kwamba hakuichukua simu yangu. Aliweka mikono yake nyuma, akasema, "Bonyeza wewe, mama." Tulianza kwa kubadilisha nywila. Nilipofika mahali pa kuiandika, aligeuka akatazama dirishani mpaka nilipomaliza. Kisha akanieleza kwa lugha ya kliniki yetu wenyewe: jukumu ni huduma ya wajawazito kwa mwaka mzima, kazi ndogo ni kupima presha, kupima wingi wa damu, kutoa SP, dawa ya kuzuia malaria, na vidonge vya kuongeza damu. Kile ambacho ukumbini kilinipita siku nzima, kikaingia kwa sentensi moja. Nikafungua kitabu namba 12, nikahesabu kwa kidole, nikajaza idadi ya kweli. Ilikuwa ndogo kuliko ile ya kijana wa steshenari, na niliipeleka kwa mfawidhi nikiwa na amani ambayo sikuwa nayo kwa muda mrefu.

Nina neno kwa vijana wetu. Mnajua mambo haya ya mitandaoni kuliko sisi, na ni karama. Lakini ukimwona mama au baba amekwama, usimnyang'anye simu ukamfanyia haraka haraka, wala usimcheke mbele ya wenzako. Mchukue pembeni kama Prisila. Kwenu watu wa rika langu: ambaye nywila yake iko kwenye kipande cha karatasi dukani, aibadilishe leo, kabla ya ibada ya jioni.

Tukiwa magotini wiki hii nawaomba tumkumbuke yule binti. Kazi yangu ina mahali pa kuandikwa na kupimwa. Yeye anaamka alfajiri, anapima watoto uzito, anafuta meza za kuzalishia, na hakuna ukurasa wowote wa mfumo wenye jina lake. Ee Bwana, unayeona sirini, umkumbuke pamoja na wote wanaojitolea katika vituo na shule zetu wakisubiri ajira. Wape mkate wao wa kila siku, na usiache mioyo yao ichoke. Amina.

Ijumaa zamu ikiisha tunakaa tena chumba cha dawa. Kuomba likizo mtandaoni bado sijui, na nimeshamwambia kwamba sijui.