Naunda chombo cha Waviking kwa moja ya kumi: kumbukumbu za Januari hadi Juni

11 Januari

Mkuku, uti wa mgongo wa chombo, uko mezani. Ni ubao mmoja wa mwaloni, na kwa leo ndio chombo chote nilicho nacho. Kikikamilika kitakuwa na urefu wa sentimita 140 na upana wa 33, kwa kuwa chombo halisi kina mita 14 kwa 3.3 nami naunda kwa kipimo cha moja kwa kumi. Karakana yangu ni chumba cha chini cha jengo tunamokaa, hapa Denmark, nusu saa kwa treni hadi Roskilde.

Watu wakisikia Waviking, mabaharia wa kale wa kaskazini mwa Ulaya, huona jahazi la vita, ngao ubavuni na kichwa cha joka omoni, yaani mbele. Nilichokichagua ni chombo cha mizigo. Wataalamu wanakiita Skuldelev 3, cha tatu kati ya vyombo vilivyopatikana karibu na kijiji cha Skuldelev. Kiliundwa hapa Denmark karibu mwaka 1040, ngama ya kuwekea mizigo wazi katikati, sitaha fupi omoni na nyingine tezini, yaani nyuma, nafasi ya kama tani 4, na mabaharia watano hadi wanane. Karibu 1070, hiki na vingine vinne vilijazwa mawe na kuzamishwa makusudi katika mkondo wa hori ya Roskilde, mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, ili maadui wakute njia ya kuufikia mji imezibwa. Vikalala humo hadi 1962, wachimbaji walipouzungushia mkondo ukuta wa vyuma, wakavuta maji nje, wakatoa maelfu ya vipande vya mbao. Mwanzoni walidhani ni vyombo sita. Cha pili na cha nne vikaja kugundulika ni kimoja, jahazi la vita la mita 30, ndiyo maana hesabu leo inaruka kutoka 3 kwenda 5.

Skuldelev 3 ndicho kilichosalimika vizuri kuliko vyote, karibu robo tatu ya mbao zake zipo. Nimesimama mbele yake pale makumbusho ya Roskilde mara nyingi mno. Kila nikitoka huwa na swali lilelile: mtu asiye na msumeno wala mchoro aliupataje ule mpindo?

2 Februari

Wiki tatu zote zimekwenda kwenye kipande kimoja: fashini ya mbele, nguzo inayosimama omoni.

Nieleze, kwa sababu hapa ndipo nilipoanza kumwelewa fundi yule. Kwenye chombo hiki fashini imechongwa kutoka pande moja la mwaloni, na mbao za ubavuni hazichomekwi kwenye mfuo kama nilivyotarajia. Fashini yenyewe imechongwa ngazi ngazi, kila ngazi ikipokea ncha ya ubao wake, halafu mistari ya zile mbao inaendelea juu ya fashini kwa nakshi, inakonda, inakonda, hadi yote inakutana kileleni. Ukiitazama ubavuni ni kama bawa lililokunjwa.

Sasa fikiri. Fashini husimamishwa kabla ya ubao wa kwanza. Kila ngazi imeshaamua ubao wake utakaa wapi, una upana gani, na utaingia kwa pembe gani. Kwa hiyo siku fundi alipolishika lile pande akaanza kulitia shoka, chombo kizima kilikuwa tayari kichwani mwake, mpaka ubao wa juu kabisa. Kwenye kisiwa cha Eigg, Scotland, zilipatikana fashini za namna hii zimefukiwa kwenye kinamasi, zimechongwa tayari na hazijapigwa msumari hata mmoja. Mtu alikwisha kuamua umbo la chombo, akalihifadhi kwenye maji.

Mimi nina michoro yenye vipimo vya kila ngazi, na bado nimeharibu ya kwanza. Ngazi ya pili niliichonga kwa pembe kali mno. Nilipojaribishia ubao, mwanya ukabaki wa kuingia ukucha. Nimechonga nyingine. Hii imekubali.

23 Februari

Mbao mbili za chini zimekaa pande zote mbili. Ya tatu imepasuka. Nikaweka nyingine, nayo ikapasuka palepale, karibu na omo, ubao unapolazimika kujipinda kutoka kulala hadi kusimama. Niliziloweka maji ya moto. Jaribio la tatu nalo likapasuka. Nilizima taa nikapanda juu kulala.

25 Februari

Nimempigia mjomba wangu Pangani. Ameunda mashua tangu ujana wake, na magoti sasa yamemstaafisha.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Habari za baridi?"

Nikamweleza. Swali lake la kwanza lilikuwa mbao nimezitoa wapi. Nikamwambia dukani, milimita tatu, safi, zimepigwa randa.

"Za msumeno?"

"Za msumeno."

"Basi hapo. Msumeno unapita ulikoelekezwa, nyuzi za mti zinakatwa katikati. Ubao wa hivyo ukiukunja unavunjika pale uzi ulipoishia. Tafuta gogo ulipasue mwenyewe."

Kisha akataka kujua mbao zinavyokaa. Nikamwambia kila ubao wa juu unalalia ule wa chini yake, vidole kadhaa.

"Kama makuti?"

"Kama makuti."

"Sasa pamba ya kalafati mnaipigia wapi?"

Hilo ndilo swali la fundi wa kwetu, maana mashua za Pangani mbao zake hukutana kingo kwa kingo, ule mshono ukajazwa pamba baadaye. Nikamwambia huku hakuna kupiga kalafati baadaye. Uzi wa sufu uliochovywa lami ya msonobari hulazwa baina ya mbao mbili kabla hazijabanwa, misumari ikishapigwa basi. Alinyamaza kidogo. "Kwa hiyo mtu akikosea mshono wa chini, atakuja kujua chombo kikiwa majini."

Ndivyo.

16 Machi

Muuza kuni mmoja ameniuzia gogo la mwaloni lililoangushwa na upepo msimu huu, bado bichi, urefu sentimita 80. Urefu huo unatosha, kwa kuwa hata vyombo vyenyewe kila mkanda wa mbao uliunganishwa kwa vipande kadhaa, ncha zikichongwa mshazari ili zilaliane.

Nilifuata njia waliyoifuata wao. Kabari mbili za chuma kwenye kichwa cha gogo, nyundo, na masikio. Ufa ukianza kutembea unausikia, mlio mkavu unaokwenda mbele ya kabari. Nusu mbili. Kila nusu tena mbili. Robo nazo zikapasuliwa kuelekea kwenye kiini, kama unavyokata keki ya duara, hadi vipande kumi na sita. Kila kipande kinakuwa chembamba upande wa kiini na kinene upande wa ganda, na nyuzi zake zimetambaa ncha hadi ncha bila kukatika hata moja. Hicho ndicho walichokitegemea. Ubao wa namna hii unaweza kuchongwa mwembamba sana na bado ukawa na nguvu kuliko ubao mnene wa msumeno. Kwenye chombo halisi unene ni sentimita mbili na ushei tu, na chombo hicho kilitembea baharini.

Nimezichonga kwa shoka dogo, kisha kisu. Mwaloni mbichi ni laini ajabu, unakatika kama muhogo. Nilipoukunja ubao wa kwanza pale omoni, ulinepa, ukajipinda, ukakaa kwenye ngazi yake. Nilibaki nimeushika kwa muda, bila sababu yoyote.

6 Aprili

Misumari. Kila baada ya sentimita moja na nusu hivi natoboa kwa keekee, napitisha msumari wa shaba kutoka nje, ndani navalisha kipande cha bati cha mraba chenye tundu, kama washa, nakata ncha iliyozidi, nayo naiponda juu ya bati hadi itanuke. Wao walitumia chuma. Mimi nimetumia shaba kwa kuwa kwa udogo huu chuma kinanikatikia. Kazi inataka watu wawili, mmoja nje akishikilia uzito kwenye kichwa cha msumari, mwingine ndani na nyundo. Binti wa jirani, miaka tisa, amejitolea kushikilia. Amehesabu 212 kwa Jumamosi mbili. Ameuliza kwa nini chombo hakina kichwa cha joka. Nimemwambia hiki kilikuwa kinabeba mizigo. Akafikiri, akasema basi mizigo tutatengeneza yeye na mimi.

27 Aprili

Nimekwenda Roskilde. Nje ya makumbusho kuna karakana ya wazi, mafundi wanachonga kwa shoka mbele ya watu, na hata siku ya mvua watu wamejipanga kuangalia. Pale kuna Roar Ege, nakala ya ukubwa kamili ya chombo hiki ninachounda. Iliundwa 1982 hadi 1984 kwa zana za zamani, ikatembea majini hadi 2016 mwili ulipochoka, sasa imepumzishwa nchi kavu. Mafundi wakaunda nyingine, Estrid Byrding, ikashushwa majini 2022. Mantiki yao naipenda: ukitaka kujua chombo kilikuwa na uwezo gani, kiunde, ukisafirishe, kikichakaa uunde kingine. Jahazi lile la mita 30, ambalo mwaloni wake ulionyesha kwamba liliundwa Dublin, Ireland, mwaka 1042, nalo waliliunda upya wakalipa jina Havhingsten fra Glendalough, na mwaka 2007 mabaharia wakalipeleka kwa tanga na makasia hadi Dublin kwenyewe.

Mwaka 2021 UNESCO iliuandika uundaji wa vyombo vya mbao zinazolaliana kwenye orodha yake ya urithi, kwa maombi ya nchi tano: Denmark, Norway, Sweden, Finland na Iceland. Nadhani walifanya sawa kuuandika ujuzi. Ukiwa na mbao za kwenye kioo cha makumbusho peke yake, bila mtu anayejua kusikiliza ufa unavyotembea, hutapata chombo kingine.

18 Mei

Leo nimepanda. Makumbusho huwachukua wageni horini kwa vyombo vya namna hii, unapewa kasia, unavuta hadi nje, kisha tanga linapandishwa.

Nilikaa karibu na ubavu, kiganja kimelala juu ya mshono. Upepo ulipolijaza tanga na wimbi la kwanza likapita chini yetu, ubao ulisogea. Sisemi chombo kilisogea. Ubao wenyewe ulijongea chini ya kiganja, ukarudi. Wimbi lilianza omoni, likapita chini ya miguu yangu, likatokea tezini, na chombo kililifuata kama mgongo wa paka anayejinyoosha.

Nilikuwa nimesoma habari za Magnus Andersen, nahodha wa Norway. Mwaka 1893 alichukua nakala ya jahazi la Gokstad, lile lililofukuliwa kwenye kaburi la chifu kule Sandefjord mwaka 1880, akavuka nalo Atlantiki kutoka Bergen, kisha akaendelea hadi maonyesho ya Chicago. Kuifikia Newfoundland, kisiwa cha Amerika Kaskazini, kulimchukua kama wiki nne. Aliandika kwamba kwenye bahari nzito ukingo wa chombo ulijipinda hadi inchi 6 kutoka mahali pake, na bado hakikuvuja. Nilipoisoma niliichukulia kama maneno ya nahodha anayekipenda chombo chake. Leo naiamini.

Pia nimefahamu kosa langu la Februari lilikuwa kubwa kuliko mbao za dukani. Nilikuwa nataka chombo kigumu. Nilikuwa nimepanga hata kuongeza gundi kwenye mishono.

1 Juni

Gundi haijatumika popote. Mbao zote zimekaa, na sasa ndipo mataruma, mbavu za chombo, yanaingia, baada ya mwili kukamilika. Umbo lililetwa na mbao; taruma linachongwa kulifuata. Nimeyafunga kwa vigingi vya mti, na nimeyachagua kutoka kwenye matawi yaliyojipinda yenyewe, ili nyuzi zizunguke pamoja na mpindo. Wao waliingia msituni wakitafuta tawi lenye umbo la taruma. Mimi nimetembea bustani ya mjini baada ya upepo, nikiinama kila mti.

15 Juni

Majini kwa mara ya kwanza. Binti wa jirani ameleta bwawa lake la plastiki, tumelijaza maji uani. Chombo kimeelea sawasawa, omo na tezi zimeinuka kama kwenye mchoro. Tumeweka mizigo: vifuko kumi vya mchele, kavishona mwenyewe. Kikashuka kidogo, kikatulia.

Baada ya dakika kumi maji yakaonekana ndani. Mshono wa pili, kushoto, karibu na maungio ya mshazari. Mshono wa chini, kama mjomba alivyosema. Nilimpigia nikiwa bado nimepiga magoti kando ya bwawa.

"Yanaingia kwa kasi?"

"Polepole. Yanadondoka."

"Mbao zimekaa ndani ya nyumba miezi mingapi?"

"Mitatu hivi."

"Zimekauka hizo. Usiguse kitu. Toa mizigo, kiache kilale majini usiku kucha, mbao zinywe."

16 Juni

Saa kumi na moja alfajiri nimeshuka uani na tochi. Ndani kulikuwa na maji ya kujaza kikombe. Nimeyakausha kwa kitambaa, nikarudisha vifuko vya mchele, nikakaa saa nzima. Kisha nimepitisha kidole kwenye mshono wa pili, kutoka maungio hadi fashini, polepole.

Pakavu.

Linalofuata ni tanga. Lao lilikuwa la sufu, limepakwa mafuta ya mnyama ili lisipitishe upepo. La chombo halisi lina kama mita za mraba 45, kwa hiyo langu halifiki hata nusu mita ya mraba. Sufu nimeipata. Nani atanifundisha kuisokota, bado natafuta.